Dawa za Kupanga Uzazi: Yafaa Mkulima na Mkewe Wazijue



Kila mwaka kabla ya mvua kubwa, foleni huwa ndefu mbele ya meza yangu katika afisi ya kilimo hapa Kabuchai. Wakulima huja kuandikishwa kwa ajili ya mbolea, nao huuliza habari za mbegu. Swali moja nimelisikia mara nyingi sana: shina na shina la mahindi liachane kiasi gani? Hujibu kama Bwana Shamba alivyotufundisha: mstari na mstari sentimita 75, shina na shina sentimita 25 au 30. Hakuna anayenicheka. Kila mtu ajua ya kuwa mahindi yaliyosongana hutoa magunzi membamba.

Mwaka huu mama mmoja alingoja mpaka foleni ikaisha, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Karani, wewe ulisomea ualimu. Hebu niambie, vile vidonge vya kliniki vya kupanga uzazi hufanya nini vikishaingia tumboni?"

Nilishikwa na haya, kwa maana mimi ni karani wa kilimo, si mganga. Sikuwa na jibu. Baadaye nilikwenda kwa wauguzi, nikawauliza, nikasoma vitabu walivyonipa. Leo naandika niliyojifunza, ili yule mama apate jibu lake, na wengine wenye swali kama hilo wapate lao. Lakini kwanza yanipasa kueleza sababu nyingine ya kuandika habari hii.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na miezi mitano, mke wangu alitaka kwenda kliniki kuuliza habari za kupanga uzazi. Nilimkataza. Nilikuwa nimesikia sokoni Chwele kwamba dawa hizo huharibu kizazi, nami niliyaamini maneno hayo bila kumwuliza mtu yeyote aliyesomea kazi hiyo.

Mtoto alipofika miezi minane, mama yake akashika mimba nyingine. Mtoto akaachishwa ziwa mapema, akapewa uji mtupu. Kabla ya mwaka kwisha miguu yake ilivimba na nywele zikabadilika rangi. Hospitalini tukaambiwa ni utapiamlo. Mke wangu, naye ni mjamzito, alilala huko na mtoto wiki tatu, nazo zilikuwa wiki za palizi. Mimi nilikuwa afisini mchana na hospitalini jioni. Magugu yakashinda mahindi. Ekari iliyotupa magunia 18 mwaka uliotangulia ilitupa magunia 6.

Mtoto alipona, nasi twashukuru. Lakini kila nionapo ghala nakumbuka ya kuwa hasara ile haikuletwa na dawa ya kliniki. Niliileta mimi, kwa kumkataza mtu asiende kuuliza.

Wataalamu wa Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri kwamba baada ya kujifungua mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Muda huo humpa mama nafasi ya kurudisha damu na nguvu mwilini, na mtoto nafasi ya kunyonya vya kutosha.

SHAMBA HALIONGEZEKI

Wakulima wa skimu wanajua hesabu hii kuliko watu wengine. Kuanzia mwaka wa 1962 mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa, na familia nyingi zikapewa vipande katika skimu kama Ndalu, Naitiri na Kabuyefwe. Tuseme mzee alipata ekari 15, akawa na wana watano. Kila mmoja atapata ekari 3. Kila mwana naye akipata wana watano, mjukuu atapata ekari 0.6. Hapo haijatolewa sehemu ya nyumba, njia, na boma la ng'ombe, wala mabinti hawajahesabiwa, nao kwa sheria ya leo wana haki ya kurithi.

Hesabu ya watu ya 1962 ilikuta Kenya ina watu kama milioni 8.6. Ile ya 2019 ilikuta watu kama milioni 47.6. Ekari za skimu ni zile zile.

Kenya ilianza mapema kulifikiri jambo hili. Mwaka wa 1967 Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Watu hawakuufuata kwa haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Uchunguzi wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha wastani wa watoto 3.4. Basi jambo hili si geni tena. Jirani zako wengi wanalifanya, ijapokuwa hawalisemi.

JINSI MIMBA INAVYOINGIA

Huwezi kuifahamu dawa usipofahamu kwanza kazi ya mwili. Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Kwa kawaida yai moja hupevuka kila mwezi na kutoka, yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Yai hilo huishi muda wa siku moja tu. Lakini mbegu za mume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hata siku tano, zikilingoja yai. Zikikutana nalo katika mrija, mimba hutungwa, kisha hushuka na kujishika katika ukuta wa mji wa mimba.

Kazi hii yote huongozwa na homoni, yaani ujumbe ambao mwili hutengeneza na kuupitisha katika damu. Mwanamke akiwa mjamzito, homoni zake huviambia vifuko vya mayai: "Pumzikeni, kazi imekwisha anza." Dawa nyingi za kupanga uzazi hupeleka ujumbe unaofanana na huo. Yai halitoki, na ute wa mlango wa mji wa mimba huwa mzito hata mbegu za mume zisipite.

Katika kila wanawake 100 wanaokaa na waume zao mwaka mzima bila kinga yoyote, wapatao 85 hushika mimba. Kumbukeni hesabu hiyo tunapoitazama kila dawa.

VIDONGE

Vidonge vya kupanga uzazi viliruhusiwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka wa 1960. Wakulima watapenda kujua ya kuwa chanzo chake kilitoka shambani. Katika miaka ya 1940 mkemia Russell Marker aligundua kwamba homoni yaweza kutengenezwa kwa bei nafuu kutokana na viazi vikuu vya mwituni vya Meksiko. Mwaka wa 1951, katika mji wa Mexico City, wakemia wa kampuni ya Syntex wakapata dawa ya homoni inayofanya kazi ikimezwa.

Pakiti ya kawaida ina vidonge 28. Katika pakiti nyingi 21 vina dawa, na 7 vya mwisho havina homoni. Mara nyingi hivyo 7 vina madini ya chuma ya kuongeza damu. Hedhi huja wakati wa hivyo vya mwisho. Mwanamke humeza kimoja kila siku, saa ile ile, mume awepo asiwepo.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomponza yule mama wa foleni. Mumewe ni mlinzi mjini Nakuru, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alipewa vidonge na dada yake, akavimeza siku zile tu ambazo mume yupo. Akashika mimba, akasema dawa ni ya uongo. Dawa haikuwa ya uongo. Ni kama mtu anayemwogesha ng'ombe dawa ya kupe siku ya mnada peke yake. Ujumbe wa homoni ukikatika, vifuko huamka na yai hutoka.

Ukisahau kidonge kimoja, kimeze mara ukumbukapo, kisha endelea. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja upesi, endelea na pakiti, na tumia kondomu kwa siku saba. Kisha mwone mwuguzi akueleze zaidi. Wanaomeza bila kukosa, chini ya mmoja katika 100 hushika mimba kwa mwaka. Lakini kwa kuwa watu husahau, kwa kweli hufika 7 katika 100.

Vidonge hivi havimfai kila mtu. Mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu miguuni au mapafuni, mwenye saratani ya matiti, mwenye kuumwa kichwa kwa namna ya kuona nuru zikimetameta, na mvutaji wa sigara aliyefika umri wa miaka 35, hao wasivitumie. Mama anayenyonyesha mtoto mchanga hupewa vidonge vya namna nyingine vyenye homoni moja tu, visivyopunguza maziwa. Hii ndiyo sababu dawa hutolewa baada ya kupimwa, wala haiazimwi kwa dada kama chumvi.

SINDANO

Sindano ni mojawapo ya njia zinazotumiwa sana Kenya. Ile ya kawaida huchomwa kila baada ya miezi mitatu. Huzuia yai lisitoke. Wengi huipenda kwa kuwa hakuna cha kukumbuka kila siku, wala hakuna pakiti ya kuonekana nyumbani. Katika matumizi ya kawaida, 4 katika 100 hushika mimba kwa mwaka, hasa kwa sababu ya kuchelewa tarehe.

Yafaa kujua mambo mawili kabla ya kuchomwa. La kwanza, hedhi hubadilika. Huenda ikaja ovyo, kisha kwa wengi hukoma kabisa. Damu hiyo haijifichi mahali tumboni. Ukuta wa mji wa mimba hubaki mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Wengine huongezeka uzito. La pili, ukiacha sindano, uwezo wa kuzaa hurudi polepole. Huenda ikapita miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba. Hii si tasa, ila ni kungoja. Mwanamke anayetaka mtoto karibuni achague njia nyingine.

VIJITI VYA MKONONI

Vijiti hivi ni vyembamba kama kijiti cha kiberiti, navyo ni laini. Mwuguzi hutia sindano ya ganzi upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, kisha huviweka chini ya ngozi. Viko vya namna ya viwili pamoja, vinavyofanya kazi miaka mitano, na viko vya kijiti kimoja ambacho kwa kawaida huandikiwa miaka mitatu. Homoni hutoka kidogo kidogo kila siku.

Hapa hakuna cha kusahau, kwa hiyo hata mmoja katika 100 hafiki. Ni kama mmoja katika 1,000 kwa mwaka. Hedhi yaweza kuvurugika, na hili ndilo linalowafanya wengine waviondoe. Vikiondolewa, uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Lakini viondolewe na mwuguzi aliyefundishwa, si kwa wembe nyumbani.

KOILI

Koili, ambayo wengine huiita kitanzi, ni kifaa kidogo chenye umbo la herufi T. Mwuguzi au daktari hukiweka ndani ya mji wa mimba. Ile ya shaba haina homoni hata kidogo. Shaba hudhoofisha mbegu za mume zisiweze kulifikia yai. Huweza kukaa miaka 10 au zaidi, na wasiofika mmoja katika 100 hushika mimba kwa mwaka. Miezi ya kwanza hedhi huwa nyingi na maumivu huongezeka. Kwa hiyo mwenye upungufu wa damu azungumze na mwuguzi kwanza. Iko koili ya namna nyingine yenye homoni, ambayo hupunguza hedhi.

Koili ya shaba yamfaa sana mama asiyeweza kutumia homoni, kama aliyeugua saratani ya matiti.

TEMBE ZA DHARURA

Kondomu ikipasuka, au mtu akilazimishwa, ziko tembe za dharura. Zimezwe mapema iwezekanavyo, kabla ya siku tatu kwisha; nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyopita. Huchelewesha yai lisitoke. Ikiwa mimba imekwisha kushika, hazitoi mimba. Wasichana wengine huzitumia kila wiki kama dawa ya kawaida. Si kazi yake hiyo, na zinashindwa mara nyingi kuliko njia nilizotaja juu. Naye aliyelazimishwa aende hospitali upesi, maana iko pia dawa ya kuzuia UKIMWI, nayo yapasa ianzwe ndani ya saa 72.

Tena kumbukeni: vidonge, sindano, vijiti na koili havizuii UKIMWI wala magonjwa ya zinaa. Ni kondomu inayozuia. Mwenye mashaka atumie vyote viwili.

MANENO YA SOKONI

Nilimpelekea mwuguzi maneno niliyoyasikia, moja baada ya jingine. Haya ndiyo majibu.

"Vidonge hurundikana tumboni." Sivyo. Huyeyuka kama tembe nyingine yoyote, vikaingia katika damu, kisha hutolewa mwilini. Ndiyo maana lazima umeze kila siku.

"Kijiti hutembea mpaka moyoni." Hukaa chini ya ngozi pale kilipowekwa, na mwenyewe hukigusa kwa kidole. Kikipotea usikiguse tena, rudi kliniki. Ni jambo la nadra sana.

"Dawa hizi hufanya tasa." Hapana. Ukiacha, uzazi hurudi. Kwa sindano ndiko huchelewa.

"Huleta saratani." Jibu la kweli lina pande mbili. Vidonge hupunguza hatari ya saratani ya vifuko vya mayai na ya mji wa mimba. Hatari ya saratani ya matiti huongezeka kidogo wakati wa kuvitumia, kisha hupungua baada ya kuacha. Ndiyo sababu mwuguzi huuliza habari za matiti kabla ya kutoa dawa.

UKIENDA KLINIKI

Huduma hii hupatikana katika zahanati na hospitali za serikali, kuanzia Chwele, Bungoma mpaka Kitale. Ukienda:

1. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, na dawa zote unazotumia. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, dawa nyingine za kifafa, na baadhi ya dawa za UKIMWI huweza kupunguza nguvu ya vidonge au vijiti. Usifiche.

2. Kubali kupimwa presha. Huchukua dakika chache.

3. Sema tarehe ya hedhi yako ya mwisho, na kama unanyonyesha.

4. Sema wazi kama unataka kupumzika mwaka mmoja, miaka mitano, au umemaliza kuzaa. Waliomaliza wana njia ya kufunga kizazi, ya mke au ya mume. Ile ya mume ni ndogo na nyepesi zaidi, lakini huchukua miezi mitatu kabla ya kutegemewa.

5. Uliza tarehe ya kurudi, uiandike ukutani pale unapoandika tarehe ya chanjo ya ng'ombe.

6. Njia ya kwanza isipokufaa, usiache kimya kimya. Rudi, ubadilishiwe.

Rudi mara moja, bila kungoja tarehe, ukipata maumivu makali ya kifua au ya tumbo, kuumwa kichwa kusiko kwa kawaida, macho kufifia, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Na sasa neno kwa wanaume wenzangu. Yafaa mume afuatane na mkewe, asikie kwa masikio yake, aulize maswali yake. Akija na maneno ya sokoni, ayaseme mbele ya mwuguzi, ayapate majibu palepale. Lakini mwanamke anaweza pia kwenda peke yake. Haihitaji barua ya mume. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imeitaja huduma ya afya ya uzazi kuwa haki ya kila mtu.

Yule mama wa foleni alikwenda. Alijifungua salama mwezi uliopita. Alipopimwa, ikaonekana presha yake iko juu, na vile vidonge vya dada yake havikumfaa tangu mwanzo. Amewekewa koili ya shaba. Juzi alipita afisini na mtoto mgongoni, akaniuliza bei ya mbegu za maharagwe, wala hakungoja foleni iishe.

Mke wangu naye alichagua vijiti. Mtoto wetu wa pili sasa ana miaka mitatu, wa kwanza amekwisha anza shule, na msimu uliopita tulipalilia mara mbili.